Kuchagua mtende wa bustani yenye baridi: Trachycarpus, Rhapidophyllum, Sabal minor au Chamaerops?

Mtu anayetafuta mtende wa kupanda nje katika nchi yenye majira ya baridi kwa kawaida huanza na swali moja tu: mti huu unavumilia nyuzi ngapi chini ya sifuri? Wauzaji wa miche wamelizoea swali hilo, ndiyo maana kila chungu hubandikwa namba, na namba hizo zikipangwa kwa mfuatano mshindi huonekana papo hapo. Rhapidophyllum hystrix ya kusini-mashariki mwa Marekani huvumilia takriban nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, na mimea mikubwa imewahi kunusurika hata chini ya hapo. Sabal minor, jirani yake wa asili, huifuata kwa karibu. Trachycarpus fortunei ya Uchina hufika nyuzi 15 hadi 17. Na Chamaerops humilis ya nchi za Mediterania huishia kwenye 10 hadi 12. Mfuatano huo ni wa kweli kwa kadiri yake, lakini ni mwongozo mbovu wa kununua mti. Mtende unaoongoza orodha hiyo unaweza kukaa katika bustani ya London miaka mingi ukiwa hai bila kuongezeka kwa kiasi cha kuridhisha, ilhali ule wa tatu ukapandwa upande wa pili wa ua uleule na kupita kimo cha nyumba. Kwa maoni yangu kinachoamua kwanza ni joto la kiangazi, kisha maji ya majira ya baridi, na namba ya kibandiko huja baada ya hayo mawili.

Kibandiko kinapima nini

Namba hiyo ni ya mmea uliokomaa, uliokwisha kushika udongo, ambao umekabiliwa na baridi kavu kwa usiku mmoja au mbili na mchana wake jua likarudi. Mche wa miaka miwili wa jamii hiyohiyo unaweza kufa kwa nusu ya baridi hiyo, na mti mkubwa unaweza kufa pia ikiwa halijoto haikupanda juu ya sifuri kwa wiki nzima, kwa sababu udongo na shina huendelea kupoa siku hadi siku. Hali kadhalika kanda za ustahimilivu zilizochorwa na Idara ya Kilimo ya Marekani, ambazo hunukuliwa karibu kila mahali, zimejengwa juu ya wastani wa usiku wenye baridi kuliko wote katika kila mwaka. Kanda ya 8, kwa mfano, ni ile ambayo wastani huo uko kati ya nyuzi 12.2 na 6.7 chini ya sifuri. Wastani maana yake ni kwamba ipo miaka itakayoshuka chini ya kiwango hicho, na mti unaotarajiwa kuishi miaka 50 lazima uikute miaka hiyo. Baridi ya Februari 2021 huko Texas iliua mitende mingi ya Washingtonia robusta iliyokuwa imepandwa katika miaka ya utulivu, wakati Sabal minor, ambayo ni ya asili ya huko, iliendelea na maisha yake.

Ni vyema pia kujua mtende unakufaje. Mti wa kawaida ukichomwa na jalidi matawi yake huweza kuchipua upya kutoka penye macho mengine. Mtende mwingi una kilele kimoja tu cha ukuaji, yaani kichilema kilichofichwa katikati ya majani, na kikioza hicho shina zima limekwisha hata kama majani ya pembeni yatabaki kijani kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo kupoteza majani yote ni hasara ya sura tu, lakini kupoteza kichilema ni kifo. Tofauti nyingi kati ya mitende hii minne hutokana na mahali kichilema kilipo na kinavyolindwa. Katika Sabal minor shina limezama ardhini, hivyo kichilema hukingwa na udongo wenyewe. Rhapidophyllum hukiweka karibu na ardhi kikiwa kimezungukwa na nyuzi na miiba mirefu. Trachycarpus hukipeleka juu, kila mwaka juu zaidi, ikikifunika kwa nyuzi za kahawia tu. Chamaerops hutoa mashina mengi, hivyo moja likifa mengine husalia.

Kiangazi ndicho kinachoamua

Linganisha London na Atlanta. Mwezi Julai mchana wa London hufika nyuzi 23 au 24 kwa wastani, na ule wa Atlanta hufika 32, tena kwa unyevu na usiku wenye joto. Katika majira ya baridi, kinyume chake, Atlanta hupata usiku mkali kuliko London. Rhapidophyllum na Sabal minor zimezoea hali ya aina ya Atlanta: zinalala wakati wa baridi, kisha zinajilimbikizia nguvu katika miezi mirefu ya joto. Zikipelekwa mahali penye kiangazi cha ubaridi hazifi mara moja, bali hutoa jani moja au mawili kwa mwaka, na jeraha dogo la jalidi ambalo huko kwao lingefidiwa kabla ya Agosti hubaki bila kufidiwa hadi jalidi lijalo. Hivyo ustahimilivu wake halisi hupungua mwaka hadi mwaka, na mmiliki huishia kushangaa kwa nini mtende ulioandikwa nyuzi 20 umekufa kwa nyuzi 9.

Trachycarpus fortunei ni kinyume cha hayo. Asili yake ni maeneo ya milima ya Uchina na nchi jirani, na ukuaji wake huendelea hata katika siku za ubaridi ambazo mitende mingine huzihesabu kuwa bado ni majira ya baridi. Philipp Franz von Siebold, daktari na mtaalamu wa mimea wa Kijerumani, alipeleka mbegu zake Leiden, Uholanzi, mwaka 1830, na mwaka 1849 Robert Fortune, mkusanyaji wa mimea wa Kiskoti, alituma miche kutoka Uchina hadi bustani ya mimea ya Kew, London. Tangu hapo mtende huu umejaribiwa karibu kila mahali penye hewa ya bahari: Cornwall, magharibi ya Ireland, Brittany, Vancouver. Katika maeneo hayo hutoa majani mengi kila mwaka, na mti uliokwisha kushika unaweza kupanda kiasi cha sentimita 30 kwa mwaka pale udongo unapokuwa mzuri. Kwa mwenye bustani ya kiangazi cha ubaridi, mtende huu ndio wa kuanza nao. Ikiwa nafasi ni ya mti mmoja, sioni haja ya kutafakari sana.

Lakini ushindi huo una mpaka wake. Mahali ambapo baridi hushuka chini ya nyuzi 17 karibu kila mwaka na kiangazi ni cha moto, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya ndani ya Marekani mashariki, Trachycarpus hugeuka kuwa mti wa kufunikwa kila Desemba, na kufunika mti wa mita 4 si kazi ya kupendeza. Hapo Rhapidophyllum na Sabal minor ndizo zinazopaswa kupandwa, kwa sababu kiangazi hulipa deni la majira ya baridi. Sabal minor hupatikana porini hadi kusini-mashariki mwa Oklahoma, mbali na bahari, na wapandaji wengi hutafuta mbegu za huko kwa matumaini kwamba vizazi vilivyochujwa na baridi ya bara vimekuwa sugu zaidi. Ni hoja yenye mantiki, na kama mbegu za aina hiyo zinapatikana ni busara kuzichagua badala ya zile zilizotoka Florida.

Chamaerops humilis haiingii vizuri katika mgawanyo huo. Inapenda joto, lakini zaidi ya joto inapenda ukavu na mwanga, na kiangazi cha wastani chenye jua la kutosha huiridhisha. Ina uvumilivu mwingine usioonekana kwenye kibandiko: porini huchipua upya kutoka chini baada ya moto wa msituni, na kwa nguvu hiyohiyo huweza kuchipua baada ya jalidi kuua mashina ya juu. Umri wake pia si haba. Katika bustani ya mimea ya Padua, Italia, kuna mmoja uliopandwa mwaka 1585, ule ambao mshairi wa Kijerumani Goethe aliuona mwaka 1786 na kuuandikia, ingawa haki itendeke: umekuwa ukikingwa ndani ya jengo la kioo.

Maji, udongo na upepo

Nyuzi 8 chini ya sifuri katika hewa kavu na nyuzi 8 baada ya wiki mbili za manyunyu si baridi moja. Maji yaliyokwama katikati ya majani huganda, hupasua tishu changa, na ufa huo huwa mlango wa kuvu na bakteria. Dalili huchelewa. Mwezi wa Machi au Aprili mmiliki hulivuta taratibu jani changa lisilofunguka, nalo huchomoka mkononi likiwa na uozo wenye harufu kwenye kitako. Likigunduliwa mapema, kusafisha shimo hilo, kulikausha na kumimina dawa ya kuvu yenye shaba huweza kuokoa mti; likichelewa, hakuna la kufanya.

Katika mtihani huu Chamaerops ndiyo inayoteseka zaidi kati ya minne. Udongo wa mfinyanzi unaotuama maji majira yote ya baridi huiua katika nyuzi ambazo ingezicheka kwenye mteremko wa mawe, hivyo ni lazima ipandwe penye mwinuko, kwenye udongo wa kichanga au uliochanganywa na kokoto, na ikiwezekana mbele ya ukuta unaopokea jua la mchana. Trachycarpus huvumilia mvua ya juu vizuri sana lakini nayo haipendi mizizi iliyozama. Sabal minor hukua porini kwenye mabonde ya mito na vinamasi, na Rhapidophyllum hupatikana kwenye misitu yenye unyevu na kando ya mabwawa. Zote mbili zinakubali udongo mzito ambao ungeoza mizizi ya Chamaerops. Zote mbili pia huishi chini ya kivuli cha miti mikubwa, jambo lenye thamani kubwa kwa kuwa kivuli hicho hupunguza jalidi la usiku usio na mawingu. Ila kivuli huongeza ucheleweshaji wa ukuaji, na mitende hii tayari haina haraka.

Kwa upande wa upepo mambo hugeuka tena. Jani la Trachycarpus fortunei hufika upana wa mita moja hivi, na ncha zake ni laini. Upepo wa pwani huzivunja na kuzichana hadi mti unaonekana kama umevaa matambara. Haufi, lakini aliyenunua mti kwa ajili ya uzuri wake ana haki ya kulalamika. Mahali palipo wazi ni bora kuchukua Trachycarpus wagnerianus, ambayo wataalamu wengi siku hizi huihesabu kuwa namna tu ya fortunei iliyokuzwa kwa muda mrefu Japani, na ambayo haijulikani porini. Majani yake ni madogo, magumu na yamesimama. Ustahimilivu wake wa baridi haupungui. Kasi yake ni ndogo kidogo mwanzoni. Ningependa ipandwe mara nyingi zaidi kuliko inavyopandwa sasa. Kama upepo unabeba chumvi ya bahari moja kwa moja, Chamaerops huzishinda zote mbili.

Umbo, miiba na nafasi

Mitende yote minne ina majani ya upepeo, kama ya mvumo, lakini haichukui nafasi kwa namna moja. Trachycarpus ndiyo pekee kati yake inayotoa shina refu moja lililonyooka. Katika bustani hufikia mita 10 au 12 baada ya miongo, na kwa kuwa taji lake halipanuki zaidi ya mita mbili na nusu hivi, huingia hata katika ua mdogo. Nyingine tatu ni vichaka. Rhapidophyllum hutanuka polepole hadi mita 2 au 3 kila upande, Chamaerops hufanya vivyo hivyo na baadaye huinua mashina kadhaa, na Sabal minor hubaki kundi la majani ya bluu-kijani linalotoka ardhini.

Palipo na watoto wadogo au njia nyembamba, miiba ni jambo la kupima kwa uzito. Vikonyo vya majani ya Chamaerops vina miiba iliyochongoka pande zote mbili, na kazi ya kuondoa majani makavu bila glovu nene ni adhabu. Rhapidophyllum haina miiba kwenye vikonyo, lakini kitako chake kimejaa sindano nyeusi zenye urefu wa sentimita nyingi, kali kiasi kwamba hata matunda yake hunaswa humo na mbegu hushindwa kusambaa, jambo linalochangia uhaba wake porini. Vikonyo vya Trachycarpus vina meno madogo tu, na Sabal minor haina miiba kabisa.

Mwenye kupenda majani marefu yanayoinama kama ya mnazi hataridhika na yoyote kati ya hii, na ni haki kumwambia mapema kwamba uchaguzi wake ni mfinyu. Butia odorata ya kusini mwa Brazili na Uruguay ndiyo inayofaa zaidi, ikiwa na majani ya kijivu-bluu na matunda matamu yanayoliwa, lakini mpaka wake ni kama nyuzi 10 katika hali kavu na huchukia mvua ya baridi. Jubaea chilensis ya Chile huizidi kidogo kwa ustahimilivu na huridhika na kiangazi cha ubaridi. Kikwazo ni muda, kwa maana huweza kukaa miongo kabla ya kuonyesha shina. Katika jengo la kioo la Temperate House huko Kew, Jubaea iliyooteshwa kwa mbegu za mwaka 1846 ilikua hadi kupita mita 15, lakini mpandaji wake hakuwapo kuiona. Phoenix canariensis, inayouzwa kwa wingi na kwa mvuto mkubwa, hudhurika kuanzia nyuzi 6 hadi 8 chini ya sifuri na hatimaye huhitaji nafasi ya uwanja. Nje ya maeneo ya pwani yasiyo na baridi kali nisingeigusa.

Sheria na wadudu

Sifa ileile inayoifanya Trachycarpus fortunei ifae imegeuka kuwa tatizo kusini mwa Uswisi. Katika jimbo la Ticino ndege hula matunda yake, mbegu huangukia msituni, na miche huota kwa wingi chini ya miti ya asili kwa kuwa majira ya baridi hayaiui tena. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2024 Uswisi imepiga marufuku uuzaji na uingizaji wa mtende huu, ingawa ile iliyokwisha kupandwa haikulazimishwa kung'olewa. Katika maeneo mengine yenye hali ya hewa kama hiyo, mpandaji mwangalifu hukata mikungu ya maua kabla matunda hayajakomaa. Kwa kuwa mti dume na mti jike ni tofauti, dume peke yake halizai. Bahati mbaya jinsia haitambuliki hadi mti utoe maua.

Nondo Paysandisia archon, aliyeingia Ulaya kutoka Amerika Kusini na kuenea Mediterania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hushambulia hasa Chamaerops na Trachycarpus. Kiwavi wake hutoboa majani yakiwa bado yamekunjwa, hivyo yakifunguka huonyesha mstari wa matundu yaliyopangana, na vumbi la mbao hujitokeza kwenye shina. Kabla ya kununua mti mkubwa uliokuzwa kusini mwa Ulaya, kagua dalili hizo. Kwa Phoenix canariensis adui mkuu ni fukusi mwekundu, Rhynchophorus ferrugineus, na huo ni uzito mwingine katika mizani iliyokwisha kuelemea upande mmoja.

Kinga na wakati wa kupanda

Vichaka vina faida ambayo wanunuzi wengi hawaihesabu, nayo ni wepesi wa kuvikinga. Rhapidophyllum au Sabal minor iliyozungushiwa wavu wa waya na kujazwa majani makavu imekingwa kwa dakika chache, tena kwa kimo kilekile mwaka baada ya mwaka. Trachycarpus hufungwa majani yake kwa kamba kuelekea juu, huvikwa kitambaa kinachopitisha hewa, na huwekewa paa dogo la kuzuia mvua isiingie kwenye kichilema. Karatasi ya plastiki iliyobana huozesha kuliko inavyolinda. Panapohitajika joto, taa ndogo za mapambo za aina ya zamani hutosha kuongeza nyuzi kadhaa, lakini zile za LED hazisaidii kwa kuwa karibu hazitoi joto. Chamaerops mara nyingi huhitaji matandazo ya kokoto na kifuniko cha mvua tu. Mitende iliyo kwenye vyungu ihesabiwe kuwa dhaifu kuliko kibandiko kinavyosema, jamii yoyote iwayo, kwa sababu baridi huizunguka mizizi kila upande. Iingizwe banda lisilo na joto katika siku mbaya kuliko zote.

Kuhusu ukubwa wa kununua, Trachycarpus yenye shina la sentimita 30 au zaidi inastahili gharama yake, kwa kuwa imekwisha kuvuka umri wa hatari. Rhapidophyllum nayo inunuliwe kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, si kwa hofu ya baridi bali kwa sababu kuisubiri ikue ni kazi ya muda mrefu mno. Sabal minor ni bora ipandwe ikiwa ndogo, maana shina lake linaloshuka ardhini halipendi kuhamishwa likishakomaa. Zote zipandwe mwishoni mwa majira ya kuchipua, udongo ukiwa umekwisha kupata joto, kwa kuwa mizizi ya mtende haikui katika udongo baridi na mche uliopandwa Oktoba huingia majira ya baridi ukiwa kama bado uko chunguni.